Kilio cha Malata

Mama yangu alililiwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mzima, chumbani kwake, anakunywa chai, na aliyesababisha kilio kile ni mimi, mwanawe wa kwanza. Sikuwa mlevi siku hiyo, wala sikuwa nimerukwa na akili. Nilitaka tu kuezeka nyumba ndogo ya nyuma kabla watu wa ofisi hawajaja kunizuia. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisimulia habari hii kama kichekesho. Watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Leo nataka kuisimulia bila kucheka, nione kama nitaweza.

Kwetu ni Katuba, mtaa wa mjini. Baba alikuja kutoka kaskazini ya Katanga akiwa kijana, akafanya kazi ya reli mpaka mgongo ukakataa, na kitu cha kushikika alichotuachia ni lupangu, kiwanja chetu chenye ua pande zote, nyumba ya matofali ya vyumba vitatu mbele na uwanja mtupu nyuma. Uwanjani palikuwa na kamba ya kuanikia nguo, jiko la makala, makaa ya kupikia, na mpapai mmoja uliokataa kuzaa. Mama aliufagia kila asubuhi, akianzia mlango wa jikoni mpaka kwenye ua wa mikonge uliotutenga na mama jirani, hata udongo ukawa mgumu na safi kama sakafu. Nilikuwa namwuliza anafagia nini mahali pasipo na kitu. Alikuwa ananitazama tu, kisha anaendelea kufagia.

Nilipaswa kujua jibu, kwa sababu baba alipofariki tulimlilia pale. Kwetu kilio si machozi peke yake. Bashi, lile turubai kubwa la buluu, linafungwa uwanjani. Viti vinaazimwa parokiani. Matawi ya miti yanakatwa na kulazwa barabarani mbele ya mlango, ili magari yapunguze mwendo na kila apitaye ajue. Watu wanakuja kukaa na wafiwa, wanalala hapohapo chini siku mbili tatu, na hakuna mwanamke anayekuja mikono mitupu: huyu ana unga, huyu ana makala, huyu sabuni. Mwenye msiba hadaiwi kitu ila mahali pa kuwakalisha watu. Kwa baba walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya mizizi ya mikonge, na mama, pamoja na huzuni yake, alijivunia jambo hilo mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa, ile miaka kila mtu kwenye avenyu yetu alikuwa anajenga aneksi, nyumba ndogo ya nyuma ya kupangisha. Vijana wanaofanya kazi migodini upande wa Kinsevere walitafuta vyumba kila mahali. Shemeji yangu wa Ruashi alikuwa na aneksi mbili tayari, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa na namna yake ya kufuta miwani polepole na kuniuliza, "Na weye, Prof, utajenga lini?" Mimi nina tabia mbaya: siwezi kuulizwa swali moja mara tatu bila kukasirika, na nikikasirika siketi chini kufikiri, natenda. Niongeze hapa, maana bila hilo aibu haitakamilika, kwamba mimi ni mwalimu wa sekondari, na ninachofundisha ni historia na, Mungu anisamehe, elimu ya uraia.

Siku tulipovuta kamba za kupimia, mimi na fundi, mama alitoka na fimbo yake. Alitembea kutoka kamba ya kwanza mpaka ya mwisho, polepole, kisha akageuka akarudi. Nilidhani atalalamikia nguo zake za kuanika.

"Na kilio yangu," akauliza, "bantu bataikala wapi?"

"Mama, weye uko muzima!"

"Minajua niko muzima. Njo maana nauliza leo."

Fundi akacheka, nami nikacheka, nikamwahidi kwamba tutabakiza mahali pa kutosha. Tulibakiza njia ya kupita mtu mmoja na ndoo yake.

Ukuta wa nyuma niliusimamisha juu ya mpaka wenyewe. Niling'oa mikonge yote. Katikati ya mikonge ile palikuwa na upenyo mdogo ambao sisi watoto tuliukuta pale, na nadhani ulikuwapo kabla yetu. Hapo mama na mama jirani walipeana chumvi, majani ya matembele, na hasa moto: anayewahi kuwasha makala asubuhi anampa mwenzake kaa moja au mawili juu ya kipande cha bati. Waume zao walikuwa wafanyakazi wa reli, kisha wao wenyewe wakawa wajane, na upenyo ule ulikuwa mlango wao. Niliuziba kwa matofali siku ya Jumamosi, mama jirani akiwa ameenda mazishini. Aliporudi alisimama upande wake akautazama ukuta. Mama aliniambia baadaye kwamba siku iliyofuata mwenzake alizunguka avenyu nzima akiwa na kaa lake juu ya bati, na alipofika kwetu lilikuwa limezimika.

Ofisi ya mji inayosimamia ujenzi ilisikia. Wakamtuma bwana mmoja mtu mzima, mpole, mwenye kofia ya kitambaa na kamba ya kupimia mfukoni. Alipima, akaandika, akapima tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, lakini alisema nami kama ninavyosema na mtoto aliyekosa hesabu rahisi.

"Prof, ukuta inapashwa kuacha hatua tatu toka ku mupaka. Mu lupangu inapashwa kubakia fasi ya wazi. Na mvua ya malata yako inapashwa kuanguka kwako, hapana kwa jirani."

Nilimwambia naelewa. Akatoa kopo la rangi, akachora msalaba mwekundu juu ya ukuta wangu mpya, akaniomba nisimamishe kazi mpaka ukuta urudishwe ndani. Alisema atapita tena Alhamisi. Akaniaga vizuri, akamwamkia na mama.

Hapo ndipo fundi wangu alipokuja na shauri lake. Mafundi wa Katuba wote wanaamini kwamba nyumba isiyo na malata, yaani mabati ya paa, inavunjwa kwa mkono mmoja, lakini iliyokwisha kuezekwa hakuna anayethubutu kuigusa. Tulihitaji siku moja tu ya nyundo, na siku hiyo ingekuwa Alhamisi, kwa sababu malata yenyewe yangefika Jumatano jioni. "Tutie bashi," fundi akasema. "Tutie na matawi mu barabara. Muntu ya ofisi hawezi kuingia ku kilio na kuuliza makaratasi."

Ningeweza kukataa. Nataka lieleweke hili: sikudanganywa na fundi, wala sikushinikizwa na mtu. Nilifikiri kwa muda wa kuvuta pumzi, nikaona ni akili sana, nikaenda mwenyewe na panga kukata matawi. Nilijiambia kwamba sitasema nani amefariki, na kwa kuwa sitasema, sitakuwa nimedanganya. Somo hilo sijui nililisoma wapi. Darasani sijawahi kulifundisha.

Basi Alhamisi mke wangu akaenda sokoni kama kawaida, watoto shuleni, mimi nikapeleka ujumbe shuleni kwamba nina shida nyumbani. Mama alikuwa chumbani. Magoti yalimsumbua siku hizo na alikuwa hatoki kabla ya saa sita. Nilimwambia viti ni vya mafundi. Bashi tulilitundika kama pazia mbele ya aneksi, kamba zikiwa zimekazwa kwenye nyumba kubwa, likaficha kila kitu. Vibarua wawili niliwaketisha kwenye viti, nikawaagiza wainamishe vichwa. Mmoja wao alifanya vizuri sana mpaka akasinzia.

Yule bwana wa ofisi alikuja kama alivyosema. Aliona matawi toka mbali, akapunguza mwendo. Mlangoni akasikia nyundo zinagonga nyuma ya bashi, akaniuliza kwa macho. Nilifungua mdomo bila kujua nitakalosema. Fundi mmoja akachungulia akajibu badala yangu:

"Banatengeneza sanduku."

Jeneza, alimaanisha. Yule bwana akavua kofia. Alisimama katikati ya matawi yangu, akafanya ishara ya msalaba, akaniambia, "Pole sana, Prof. Ile mambo ingine hatuisemi leo." Akaondoka kwa miguu, kofia ingali mkononi, na hakuivaa mpaka alipokata kona.

Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kuliko hata yaliyofuata. Nilirudi nyuma ya bashi nikasugua viganja, nikawaambia mafundi wakaze mwendo.

Lakini neno sanduku lilikuwa limesikiwa. Mwanamke mmoja muuza maandazi alikuwa ameinama mlangoni kwetu akipanga beseni lake kichwani. Kwenye avenyu nzima kila mtu alijua kwamba ndani ya nyumba yetu kulikuwa na mtu mmoja tu wa umri wa kufa, tena mwenye kuumwa. Wala hakuhitaji kuuliza.

Saa sita hivi niliwasikia. Walikuwa wanakuja kwa wimbo, wanawake wa jumuiya yake ya parokia, na mbele yao mama jirani, miguu mitupu, kitambaa amekifunga kiunoni, beseni la unga kichwani. Nyuma yake wawili walibeba nusu gunia la makala. Alilitua beseni langoni, akaingia mbio, akajitupa chini mbele ya bashi langu na kuipiga ardhi kwa viganja.

"Mwenzangu! Unaniacha na nani? Nani atanipa moto?"

Nyundo zikanyamaza. Vibarua wangu wawili walitazamana. Yule wa usingizi alianza kulia kweli, sijui kwa sababu gani. Mimi nilisimama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi yenyewe nilikuwa nimekwisha kuitia simenti.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa na mama akatoka, fimbo mkono huu, kikombe cha chai mkono huu.

"Nani alikufa?" akauliza.

Mwanamke mmoja alirudi kinyumenyume mpaka akagonga ukuta. Mama akatazama bashi, akatazama viti, matawi, unga, kisha akainua macho juu ya paa walikokaa mafundi na nyundo zao. Hakwenda shule mama yangu, lakini mambo yale aliyasoma yote kwa mara moja. Mama jirani alitambaa mpaka miguuni pake, akamshika kifundo, akapanda kwa mikono mpaka kwenye mkono wake, akaufinya kwa nguvu. Mama akasema, "Aïe!" Ndipo mama jirani akaanza kucheka na kulia pamoja, kwa sauti moja, na walishikana hivyo kwa muda mrefu. Chai ilimwagika yote.

Mama alipomaliza alinigeukia mimi.

"Ni juu ya malata?"

"Ndiyo, Mama."

Wanawake wakatoka bila wimbo. Unga na makala havikurudi nao, maana kitu kilicholetwa kwenye kilio hakirudishwi nyumbani. Kukirudisha ni kujiitia msiba. Vilibaki langoni mpaka mke wangu aliporudi sokoni. Alipoelezwa, alikaa chini, akakataa katakata kuugusa unga ule. Mama ndiye aliyelivuta beseni mpaka jikoni.

"Pika bukari," akasema. "Wacha nikule unga ya kilio yangu wakati ningali na meno."

Tulikula ugali ule, sote, bila kuinua macho. Mama alikula vizuri, akanawa, akajifuta vidole kimoja kimoja. Kisha akaniambia, bila hasira, kama mtu anayekumbusha mlango uliosahauliwa wazi: "Machozi yangu ulishayatumia, mutoto yangu. Siku nitakufa kweli, utatafuta ingine wapi?"

Yule bwana wa ofisi alirudi baada ya wiki mbili. Alikuwa amekwisha kusikia. Katuba yote ilikuwa imesikia. Nilitaka anitukane. Angenitukana, ningepata pa kukasirikia, na hasira naijua. Alitazama malata yangu yanayong'aa, akasema tu, "Prof, miye nilivua kofia." Akanipa karatasi ya kutia sahihi: nitatia angalau mfereji chini ya paa ili mvua ianguke kwangu, mengine yatajadiliwa ofisini. Nilitia sahihi kwa mwandiko mzuri.

Mfereji sikuutia. Kuutia kulimaanisha kupanda ngazi upande wa mama jirani, mchana, akiniona. Kila Jumamosi nilijiambia kesho. Niliona haya kusimama mbele ya macho yake, na haya hiyo ikanizuia kuondoa chanzo cha haya. Mvua zilipoanza, maji ya paa langu yalimwagika kwake kama yalivyotaka, yakachimba mtaro chini ya ukuta, yakala nusu ya matuta yake ya matembele. Alipanga mabeseni pale. Tulisikia maji yakilia ndani ya mabeseni yake, mama kitandani na mimi kwenye meza ya kusahihisha madaftari. Mama jirani aliendelea kuja kumwona mwenzake, kwa kuzunguka. Aliniamkia kila mara. Nyumba ndogo ilipata wapangaji na jina pia: watoto wa avenyu waliiita Kilio ya Malata, na siku moja, katika somo la uraia, tulipofika kwenye wajibu wa raia kwa jirani yake, darasa zima liliinama chini ya madawati kuficha kicheko. Nilipiga meza, nikawatoa wawili nje. Hawakuwa na kosa.

Mama alifariki mwezi wa kwanza, asubuhi, mvua ikiwa imepungua. Nilikuwa naye. Aliomba maji, nikamletea, hakuyanywa.

Nifanye nini? Nilifanya kile mtu anachofanya. Nilikata matawi, nikayalaza barabarani. Nilikwenda kuazima bashi, nikarudi nalo begani, nikasimama nalo kwenye ile njia ya mtu mmoja na ndoo, nikatafuta pa kulifunga. Hapakuwa na pa kulifunga. Nililikunja, nikaliweka chini, nikaketi juu yake langoni kungojea watu.

Watu walipita. Waliona matawi, wakaniona mimi, wakapita. Wengine walitabasamu. Mkewe fundi viatu wa kona aliinua mkono kunisalimu, kama siku zote. Kisha akapita mzee mmoja na baiskeli yake, mtu ninayemheshimu, rafiki wa baba. Akasimamisha baiskeli mbele ya matawi, akatazama juu ya paa langu, akacheka kwa moyo mweupe kabisa:

"Prof! Sasa unaweka étage, nyumba juu ya nyumba?"

Mkono wangu uliokota jiwe. Nasema kweli, nililiokota. Kisha nikaliachia, kwa sababu mzee yule alikuwa na haki ya kucheka. Njia ya mwongo ni fupi, tunawaambia watoto, na yangu ilikuwa imefika mwisho pale langoni, ndani mama amelala, mke wangu tu kando yake.

Nikaondoka kwenda nyumba kwa nyumba. Sijui kama kuna mtu mwingine Katuba aliyewahi kuomba aaminiwe kwamba amefiwa. Kiongozi wa jumuiya alinisikiliza mlango ukiwa nusu wazi, akasema watakuja kuona. Kwingine walisema pole kwa sauti ya mtu anayengoja mwisho wa utani. Mwisho nilifika kwa mama jirani, ambako nilipaswa kuanzia, na miguu yangu ilijua kwa nini haikuanzia pale. Alikuwa anamwaga maji kutoka kwenye beseni. Maji yangu.

"Leo ni juu ya nini?" akaniuliza. "Ni juu ya mufereji?"

Nilisema tu, "Mama, njoo uone."

Alinitazama usoni kwa kitambo. Akaweka beseni chini, akafuta mikono, akatangulia. Tulizunguka avenyu, yeye mbele mimi nyuma, maana hakukuwa na njia nyingine. Matawi aliyapita bila kuyatupia jicho. Aliingia chumbani, akaketi kitandani, akashika mguu wa mama juu ya shuka. Kisha akapandisha mkono mpaka kwenye mkono wa mwenzake, akaufinya, kwa nguvu, kama siku ile. Akangoja. Mimi nilikuwa mlangoni, na Mungu ni shahidi wangu, nami nilingoja.

Aliinuka, akafunga kitambaa kiunoni, akatoka mpaka katikati ya barabara, juu ya matawi, akapiga kelele moja ndefu. Milango ikafunguliwa. Hawakunitazama mimi, walimtazama yeye, na walianza kuja.

Walikuja na hapakuwa na mahali. Walijipanga kwenye ile njia yangu mmoja nyuma ya mwingine, wanawake na mabeseni ya unga vichwani, hawawezi kukaa, hawawezi kugeuka, wanalia wakitazamana visogo. Mpangaji mmoja alifungua mlango wa chumba chake akakitoa nje kiti chake kimoja. Mama jirani akasema, bila kunishauri, "Hapa hakuna fasi. Kilio itaikaliwa kwangu."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama, aliyefagia mahali pake pa kulilia kwa zaidi ya miaka arobaini, alililiwa kwenye lupangu ya mtu. Walipofunga bashi walikosa nguzo upande mmoja, na mwanamume mmoja akaniuliza kwa adabu kama naruhusu apige misumari kwenye ukuta wangu. Ukuta ulisimama juu ya mpaka wa mwenye kutukaribisha, na mimi ndiye niliyeombwa ruhusa. Seremala alianza jeneza upande wa pili, na kila nyundo ilipogonga niliona watu wawili watatu wanainua macho kutazama paa. Shemeji yangu wa Ruashi alifika na miwani yake, akatafuta nyumba ya msiba, akaingia kwangu kwanza, akatolewa huko na wapangaji. Yule bwana wa ofisi naye alikuja. Alisimama mlangoni kwa mama jirani, kofia kichwani, akamtazama yeye, si mimi. Mama jirani akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo alipoivua.

Alasiri mvua ilirudi. Malata yangu hayakuwa na mfereji, na maji yakashuka yote pale bashi lilipokutana na ukuta, yakapenya kwenye misumari, yakawamwagikia watu waliokaa nyuma. Walivuta viti mbele, wakabanana, wakina mama wakahamisha unga usilowe. Wote walijua maji yanatoka wapi, na wote walinyamaza kwa heshima ya mama.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, sijaketi tangu asubuhi, kwa sababu sikuona kiti changu kiko wapi. Mfiwa wa kwanza huwekewa kiti chake, hatafuti. Mama jirani alichukua kiti cha plastiki, akakipeleka mpaka nyuma kabisa, chini ya ukuta, kwenye mtaro uliochimbwa na mvua za miezi ile. Akakipangusa kwa kanga yake, ingawa maji yalikijaza tena palepale. Hakuwa na hasira. Ilikuwa ndiyo nafasi pekee iliyobaki.

"Ikala hapa, mutoto yangu," akaniambia. "Maji inaanguka, lakini ni ya kwako."

Nikaenda, nikaketi.